Msimu wa Doriani Singapuri

Siku niliyokabidhi funguo za droo yangu pale tawi la Azaiba, vijana wa kaunta waliniuliza ni jambo gani lililonishtua zaidi katika miaka yote niliyowapangia watu safari. Nikawaambia nitawaandikia, maana nikilisema kwa mdomo nitalia, na sipendi kulia mbele ya watu waliozoea kuniona nagomba. Basi haya ndiyo hayo. Majina nimeyabadilisha, na mambo mawili matatu nimeyageuza, ili mwenye lake asijijue.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ndogo ya safari kule Hamriya, mjini Maskati, kati ya fundi cherehani na muuza saa. Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Nilikuja Maskati na wazee wangu nikiwa msichana, na Kiarabu changu kilikuwa bado kinachechemea. Aliyenipokea kazini ni Bwana Pinto, Mgoa aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake cha Mji Mkongwe kilinifanya mimi nionekane mgeni wa lugha. Siku ya kwanza alinipa kitabu cha tiketi za karatasi, zile zenye karboni nyekundu nyuma, akaniambia niandike jina la abiria. Nikakosea herufi moja, nikataka kuifuta. Akanishika mkono.

"Tiketi haifutwi, Zuwena. Ukikosea umeshaiua. Andika nyingine."

Nilishtuka. Sikujua kama karatasi inaweza kufa. Niliua tiketi nyingi wiki ile, na kila moja Bwana Pinto aliipiga mstari kwa huzuni, kisha akaniagizia chai.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyetaka kwenda mahali panaponyesha mvua. Nikamuuliza nchi gani. Akasema yoyote, mradi inyeshe. Mimi niliyekulia Tabora, ambako mvua ilituharibia viatu vya shule, sikuamini kwamba mtu mzima anaweza kufunga mizigo na kupanda ndege akaroweshwe. Nilidhani ananifanyia mzaha. Alipoondoka, Bwana Pinto alinieleza kwamba kazi yetu si kuuza viti vya ndege. "Kila msafiri ana kitu kimoja anachokiendea," alisema. "Vingine anakwambia kwa adabu tu. Wewe kitafute hicho kimoja." Nyinyi mnaobonyeza kitufe tiketi ikatoka mnaweza kucheka, lakini maneno yale yalinifaa kuliko mafunzo yote ya kompyuta niliyokuja kupelekwa baadaye.

Miaka michache baadaye nilipelekwa Singapuri pamoja na mawakala wengine, tukaione kabla hatujaiuza. Nilikwenda na mshangao wangu wote na ukanitosha kwa shida. Nilikuta msikiti, hekalu la Wahindi na hekalu la Wachina katika mtaa mmoja, kila mmoja akiingia kwake bila kumtazama mwenzake kwa jicho baya. Nilikuta barabara safi kiasi kwamba niliona haya kupiga chafya. Mwenyeji wetu alikuwa Hamida, mama wa Kimalei ambaye babu yake alitoka Hadhramaut, na aliposikia tunatoka Oman alinikumbatia kana kwamba tumeachana jana. Akatupeleka kwenye treni ya chini ya ardhi. Ukutani palikuwa na tangazo la mambo yaliyokatazwa: usivute sigara, usile, usibebe vitu vya kuwaka moto. Na mwisho wake, picha ya doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali.

Nikamwambia mwenzangu wa Kizanzibari tuliyekuwa naye atazame. Alisimama pale mdomo wazi. "Tunda la kwetu," akasema, "limewekwa na petroli." Hamida akacheka, akatununulia moja barabarani. Mwenzangu alilila akajisahau. Mimi wa Tabora nilionja mara moja nikaomba maji.

Niliporudi, Singapuri ikawa yangu. Familia zikija kutaka mji wa kisasa wenye chakula cha halali na maduka, niliitiwa mimi. Nilijifunza kuwauliza mapema wamefunga nini kwenye mizigo, kwa sababu kuna familia moja ilibeba papa mkavu, wakamwanika dirishani mwa hoteli, na meneja akanipigia simu Maskati akiniuliza kwa sauti ya kutetemeka kama kuna mtu amefariki chumbani. Tangu hapo papa akawa swali langu la kwanza, kabla ya pasipoti.

Sasa nije kwa Bi Salma.

Mwanawe, Nasser, alikuwa mtu wa wizarani, mwenye dishdasha isiyokunjika na simu isiyonyamaza. Alikuja ofisini peke yake, wakati baridi inakwisha. Akasema anataka likizo ya Singapuri kwa watu wanne: yeye, mkewe, dada yake Asila, na mama yao. Nikamfungulia picha za bustani ya ndege na mashua za mtoni. Hakuzitazama.

"Dada Zuwena," akasema, "hii si likizo."

Akanieleza. Mama yao alikuwa akitoka damu puani. Madaktari walikuwa wameona uvimbe nyuma ya pua, wa aina mbaya, na wakashauri aonwe Singapuri, ambako maradhi yale wanayajua vizuri. Miadi ilikuwa tayari. "Mama hajui. Tumemwambia ni mafua sugu. Akijua atavunjika moyo, atakufa kwa khofu kabla ya hayo maradhi. Nnataka umpangie likizo ya kweli, na zile siku za mustashfa, za hospitali, uziandike mapumziko."

Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa, hilo nililijua. Hata hivyo nilishtuka. Niliwahi kupangia watu fungate, umra, hata safari ya mtu aliyekuwa akimkimbia mkwewe, lakini sikuwahi kupanga bustani za maua ili kuificha hospitali. Nikakubali, kwa kuwa macho ya Nasser yalikuwa mekundu, na kwa kuwa mimi pia nina mama.

Wiki ile ile walikuja wote. Bi Salma alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na kanga ilimchungulia chini ya abaya. Nikamwonyesha picha zote. Kila moja alisema mashaallah, kwa adabu kabisa, akaisogeza. Watoto wake walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa mno, kama watu wanaoangaliwa. Mwishoni Bi Salma akaniuliza swali lake moja.

"Hebu nambie, mwanangu. Huko doriani lipo?"

"Lipo tele, Bi Salma."

"Linaiva lini?"

"Msimu wao hasa ni katikati ya mwaka."

Akatikisa kichwa polepole. Akanisimulia kwamba baba yake alikuwa na shamba Unguja, na kwamba tangu walipoondoka kisiwani hakulitia tena doriani mdomoni. Akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikasema Tabora. "Masikini," akasema, "basi hujui unaloulizwa." Wote tukacheka, safari hii kicheko cha kweli. Nikakata tiketi za mwezi uliofuata.

Hazikusafiriwa. Kwanza Bi Salma alisema jirani anaozesha binti, hawezi kuondoka. Nikabadilisha tarehe. Kisha akasema anataka kumsomea khitma marehemu mumewe. Nikabadilisha tena, na shirika la ndege wakaanza kunijibu kwa mkato. Mara ya tatu ilikuwa magoti, yanamuuma, hawezi kukaa ndegeni mpaka yapoe. Na yangepoa lini? Akasema labda katikati ya mwaka.

Nasser alikuja amekonda. Akavua kofia, akaishika mapajani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu. "Daktari kasema tusiuvuke mwezi huu," akaniambia. "Uvimbe ukishafika kwenye mifupa, khalas."

"Mwambieni ukweli, Nasser."

"Nimwambie nini? Mama, panda ndege, unakufa?"

Alipotoka nilikaa na ule mpango wa safari mbele yangu, bustani baada ya bustani, na mapumziko katikati, nikaona kwamba nimepanga vizuri kila kitu isipokuwa sijui yule mama anaendea nini. Ndipo nilipokumbuka kwamba aliniuliza swali moja tu, na kwamba mimi nililijibu.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Bi Salma alishuka kwenye teksi mbele ya ofisi, peke yake. Aliniomba nifunge mlango wa kioo. Bwana Pinto, ambaye wakati huo alikuwa karibu kustaafu na alikuwa akijua kusoma hali ya hewa ya ofisi, akasema anakwenda kununua sambusa.

"Nimekuja kukuomba radhi," Bi Salma akaanza. "Nimekusumbua na tarehe."

"Si neno, Bi Salma. Ndiyo kazi yetu."

"Wamekwambia, sivyo?"

"Wameniambia nini?"

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Nasser huyu, nikimwomba anipeleke Matrah kununua uzi, husema ana mkutano. Leo anataka kunipeleka mwisho wa dunia nikatazame ndege wa rangi. Na mkewe, ambaye tangu harusi hatusemezani ila kwa salamu, ananikanda miguu. Mtu mwenye mafua hakandwi miguu."

Niliufunika ule mpango wa bustani uliokuwa juu ya meza.

"Basi unajua," nikasema. "Na unajua kwamba kuchelewa ni hatari."

"Nnajua."

"Sasa kwa nini, Bi Salma?"

Akaweka mkono juu ya meza yangu. "Dada yangu alichomwa mionzi hapa," akajigusa koo. "Akapona, alhamdulillahi. Lakini mdomo wake ulikufa. Wali na mchanga kwake mamoja mpaka alipoingia kaburini. Mie nnajua nnachokwenda kufanyiwa, na nitakubali. Lakini nnataka kwanza nile doriani na mdomo wangu huu niliozaliwa nao. Wewe ulinambia katikati ya mwaka. Basi nnangoja katikati ya mwaka."

Nimepata mishtuko mingi katika kazi hii, lakini ule ulinikalisha. Mama mzima, mwenye akili zake, alikuwa ameupima uhai wake na sentensi yangu moja niliyoisema huku nikitafuta kalamu. Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwambia kwamba ni tunda tu, tena linanuka. Badala yake nikainua simu nikampigia Hamida Singapuri, na nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo kwa Kinyamwezi cha bibi yangu.

Hamida akacheka. Akasema ya kule kwao bado, lakini yanayotoka Thailand yameshaanza kuingia, atamwekea mama yule lililo bora sokoni. Nikamfasiria Bi Salma.

"La Thailand ni doriani kweli?" akauliza.

"Ni doriani, Bi Salma. Tena makubwa."

Alifikiri kidogo, kama anayechagua kitambaa. "Basi kata tiketi. Na wale watoto wasijue kama nnajua. Wamejitahidi sana kunificha, nisiwaharibie."

Ndivyo nilivyojikuta nashika siri ile ile kwa pande mbili, kila upande ukinisihi nisiuambie upande wa pili. Bwana Pinto aliporudi na sambusa alinitazama tu, akaniwekea mbili kwenye sahani.

Kilichobaki kilikuwa Nasser. Nilimwambia kwamba mama amekubali kuondoka wiki hii, ila siku ya kwanza, kabla ya mapumziko yoyote, apelekwe kula doriani kwa Hamida.

"Tunda? Daktari kwanza, dada Zuwena."

"Mtafika Jumamosi. Daktari ni Jumatatu. Jumapili yote mtafanya nini?"

"Apumzike."

"Nasser, umetaka nipange likizo ya kweli. Hii ndiyo likizo yenyewe. Ukiliondoa hilo, mimi naziua tiketi sasa hivi."

Nilimwonyesha na kalamu. Alinitazama akashangaa, maana hakuna mtu aliyesema naye hivyo wizarani. Akakubali.

Jumapili ile nilikuwa kama mtu aliye na mgonjwa chumba cha pili. Simu ikilia naruka. Hatimaye akanipigia Asila, analia na kucheka pamoja. Walikaa kwenye meza ya plastiki kando ya barabara. Hamida aliwapa glavu za kulia, mama akazikataa, akasema chakula cha kwao hakiliwi kwa soksi. Akala nusu nzima ya doriani peke yake, macho kafumba, na Nasser akaona haya ya kulia akajifanya anafunga kiatu. Kisha mama akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akasema: "Haya. Sasa nipelekeni kwa huyo daktari wenu wa pua."

"Alikuwa anajua, Bi Zuwena," Asila akaniambia. "Muda wote. Tumeganda pale barabarani, watu wanatupita." Nikasema hata mimi nimeshangaa. Kushangaa kwenyewe kulikuwa kweli, kwa hiyo sikusema uongo sana.

Walimchoma mionzi kwa wiki nyingi. Mkwewe, mke wa Nasser, alibaki naye mpaka mwisho, na waliporudi walikuwa wakisemezana. Uvimbe ulinywea, na Bi Salma akaishi miaka kadhaa baada ya hapo, mwembamba, mwenye chupa ya maji mkononi daima, kwa sababu mate yalimkauka. Wakati huo Bwana Pinto alikuwa ameshastaafu, ofisi ya Hamriya imefungwa, nasi tumehamia Azaiba, kwenye meza nyeupe na kompyuta zilizonyamaza. Siku moja Bi Salma aliingia kunisalimia tu. Nilimwagizia chai akaikataa, akasema kwake ni maji ya moto. Nikafanya utani ili nisilie.

"Lakini lile doriani ulilifaidi, Bi Salma."

Akatazama mlangoni. Kisha akaniinamia.

"Sikusikia kitu, mwanangu."

Nilidhani sikumwelewa. "Hukusikia nini?"

"Ladha. Wala harufu. Maradhi yalikuwa yameshazichukua zamani, mie sijijui. Chakula kilikuwa kimenipooza miezi, nikidhani ni mkono wa mke wa Nasser, hajui kutia chumvi. Nilimsengenya bure." Akanywa funda la maji. "Nikalitia mdomoni, nikangoja. Hakuna. Laini tu, kama uji uliopoa. Nikatia tena. Na Nasser ananitazama mdomoni, namna nilivyokuwa nikimtazama yeye nikimlisha. Nikala mpaka nusu. Nikafumba macho wasije wakayaona."

Zile tiketi zilizobadilishwa, ile miezi aliyoicheza kamari na roho yake, simu ya Singapuri, vitisho vyangu kwa Nasser. Vyote vilikuwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo tena hata siku aliponiuliza msimu wake. Nilitaka kusema pole, neno likawa dogo. Nikamshika mkono, nikalia pale pale kwenye kaunta, na mteja aliyekuwa akingoja akageuka kutazama ramani.

"Usilie," akaniambia. "Wao wamelisikia. Hilo lako na langu."

Alifariki nyumbani kwake, maradhi yakiwa yamerudi, watoto wamemzunguka. Nilikwenda kwenye khitma ya siku ya tatu. Tulikaa chini kwenye mazulia, wanawake peke yetu, majuzuu yameshasomwa na kufunikwa, kahawa inazunguka. Wazee wa Kizanzibari waliokuwepo walikuwa wakimtaja marehemu kwa wema wake mmoja mmoja. Asila akaanza kusimulia Singapuri. Alisimulia ile meza ya plastiki, alisimulia glavu, na watu wakacheka kidogo katika machozi yao. Mke wa Nasser, aliyekaa karibu na mlango, alikuwa akilia bila sauti.

"Hilo ndilo linalotupa subira," Asila akasema. "Kwamba hakuondoka na uchu wake. Alikula nusu nzima, macho kafumba kwa utamu."

"Alhamdulillahi," wanawake wakaitikia.

Asila akanigeukia, uso umelowa. "Si ndivyo, Bi Zuwena? Wewe ndiye uliyempangia."

Chumba kizima kikanitazama.

"Ndivyo," nikasema. "Aliniambia mwenyewe. Alisema hajapata kula tamu kama lile."

Asila akaniwekea kichwa begani, na binti mmoja akanijazia kikombe.